Nduru ya Phelista Ndani ya Kompyuta

Kwa Nehemiah, Matisi,
Kitale.
Jumanne, 14 Oktoba 2008.

Kwa dada yangu Dinah,

Salamu zangu zikukute umeketi, maana nimezituma nyingi na ukiwa umesimama zitakuangusha. Unaendeleaje? Watoto je? Yule ng'ombe mweusi ameshazaa au bado anawasumbua? Na zaidi ya yote, shemeji yangu Kizito anaendeleaje? Lile taya lililofungwa waya bado linamuuma? Uji anakunywa kwa mrija vizuri? Uvimbe wa jicho umeshuka? Naomba Mungu kila asubuhi ushuke. Huku mimi ni mzima kama chuma cha reli. Mama naye ni mzima wa mwili. Jicho alilopasuliwa bado lina bandeji, lakini daktari anasema ataona.

Najua ni Nanyama anakusomea. Nanyama mpwa wangu, soma polepole, na usiruke mahali popote hata ukiona unafika kwenye aibu yangu mimi mjomba, khocha wako. Hapo ndipo usome kwa sauti.

Utauliza, kwa nini barua na simu ninayo? Simu ninayo, tena ya kamera. Lakini kwenye simu ulimi wangu unanitangulia, mimi nafika nyuma yake nikiwa nimechelewa. Kalamu ni ya polepole, naweza kuikamata. Na neno lenyewe ni hili: jana jioni nimepata habari kwamba ndugu za Kizito wamepata lori, na Jumamosi hii wanapanda kuja Matisi kwa Kemboi, jirani yangu mwenye kinu cha kusaga mahindi. Ati wamchome ndani ya kinu chake kwa yale Kizito alifanyiwa. Barua hii nitampa mama mmoja wa kanisa anayeshuka Bungoma kesho alfajiri. Naomba ifike kabla ya lori kuwashwa. Lakini ili uelewe kwa nini, lazima nianze na mashine.

Unakumbuka Januari, wakati wa zile fujo za uchaguzi, majambazi waliingia hapa kwa Nehemiah mchana kweupe. Mlinzi aliyekuwepo walimkata panga tatu, moja kichwani, moja begani, moja kwenye kiganja alipojikinga, kisha wakabeba televisheni wakiikanyaga damu yake. Nehemiah, ambaye ni injinia huko Kanada, akatafuta mwanamume wa kukaa ndani ya nyumba yake. Wanaume wa Kitale wakajikuna vichwa. Akaniita mimi. Si unajua sifa zangu zimesambaa? Ndiye mimi niliyemshika chui mkia kule Kapsokwony mwaka wa themanini na nne, nikamzungusha mara saba hadi akasahau njia ya msituni. Nimewahi kusema mara tisa. Ni saba. Ndiye mimi niliyewatandika wezi watatu kwenye njia ya Kipsongo kwa mwiko wa ugali, na ugali ukiwa bado moto juu yake.

Basi mwezi wa sita Nehemiah akatuma katoni. Ndani kulikuwa na kompyuta, spika mbili, sidii moja, vijisanduku vyeupe vya kuchomeka kwenye soketi, na macho mawili ya plastiki, kila moja kama ngumi ya mtoto. Ukichomeka taa kwenye kijisanduku, kompyuta inaiwasha na kuizima kutoka chumba kingine bila mtu kugusa. Na yale macho ukiyabandika ukutani, mtu akipita mbele yake yanaiambia kompyuta. Nehemiah alitaka nyumba ionekane ina watu hata kama haina, na mwizi akija, nyumba yenyewe ilie.

Mimi, dada, shule niliacha darasa la sita, si kwa ujinga, ni kwa sababu mwalimu wa hesabu alinichapa nami nikamchapa. Lakini nilisema kitu kilichotengenezwa na mikono ya watu hakiwezi kumshinda mtu. Siku ya kwanza niliweka sidii ikitazama chini. Siku ya pili umeme ulinirusha kutoka soketi ya jikoni hadi kwenye gunia la maharagwe, nikaamka nikiwa na ladha ya shilingi mdomoni. Siku ya tatu nilibonyeza mahali, taa zote zikazima na pasi ikawaka yenyewe, ikachoma shati langu la Jumapili mpaka mbao za meza. Phelista mke wangu akaniambia nirudishe hicho kitu Kanada kabla hakijatuua. Nikamwambia mwanamume hashindwi na sanduku.

Nikaazima kamusi ya Kiingereza kwa mwalimu mmoja. Wiki tatu nilikaa nayo, macho mekundu kama ya mtu wa chang'aa, Nehemiah akinipigia simu Jumapili kunielekeza. Mwishowe nikagundua siri. Ile programu yote ni safu mbili tu. Upande wa kushoto unaandika kitu kinachotokea, upande wa kulia unaandika nyumba ifanye nini. Jua likizama, washa taa ya sebuleni. Saa kumi na mbili asubuhi, washa redio. Jicho likiona mtu, piga king'ora. Ni kama amri za chifu wa zamani, hakuna kubishana. Siku taa zilipotii, nilitoka nje nikawaambia watu wa kinuni kwamba kuanzia sasa wamwite Absalom mhandisi. Kemboi akacheka mpaka unga ukamtoka kwenye nyusi. Akasema, "Mhandisi wa kuchoma mashati!" Nikamwambia, cheka bana, lakini mashine yangu haikosei hata siku moja. Hayo maneno niliyasema mbele ya watu kumi na tano.

Ila king'ora kilinitia aibu. Nilikijaribu Alhamisi moja saa nane mchana. Kililia dakika ishirini. Hakuna aliyekuja ila mbuzi wa Kemboi. Watu wa Matisi wakisikia king'ora wanadhani ni mkubwa fulani anapita na walinzi wake, wanajiondokea barabarani.

Lakini nduru! Dinah, wewe na mimi tumekulia kwenye nduru. Nduru ikipigwa hakuna anayeuliza ni ya nani. Mwenye jembe anakuja na jembe, mwenye panga na panga, aliye chooni anakuja hivyo hivyo. Na mwaka huu, baada ya yale tuliyoyaona hapa na vita vya kule mlimani, watu wanakumbatia marungu kama watoto wachanga. Nduru ina sheria moja tu: ukiipiga bure, unapigwa wewe.

Na ya Phelista unaijua. Nikamsimamisha mbele ya kipaza sauti cha kompyuta. Akakataa, akasema nduru si ya kuchezea, mtu haipigi kama hakuna kinachomuua. Nikambembeleza kwa kitenge kipya, akalia mara moja. Glasi mbili zilipasuka kabatini, na njiwa aliyekuwa kwenye paa alianguka amekufa, ukitaka nitakuonyesha manyoya. Nikaiingiza kwenye programu: jicho la upande wa jikoni likiona mtu, piga nduru, tena irudie bila kukoma mpaka neno la siri liandikwe. Hilo jicho nilikuwa nikiliwasha tukiwa tumefunga mlango wa jikoni, maana mwizi hupitia nyuma. Mgeni wa heshima hupitia mbele. Kwa hiyo jicho la mbele nililiwekea wimbo wa kanisa wa kukaribisha. Niliona nimeimaliza dunia.

Sasa, Kizito aliwahi kunicheka kwenye matanga ya marehemu mjomba, mbele ya umati, akasema mimi ni redio isiyohitaji betri. Halijawahi kunitoka rohoni. Nikamwita aje Jumamosi, tarehe 27 Septemba, aone kwa macho yake. Na ili kushindwa kwake kuwe na shahidi, nikamtoa Mama nje, nikamkalisha barazani kando ya mlango wa mbele na ungo wa maharagwe ya kuchambua, ausikie wimbo ukianza.

Yaliyofuata niliwahi kukusimulia kwa simu. Nilikuambia nilikuwa nimeenda mjini kununua waya. Nilikuambia Kemboi alimwona Kizito langoni, akamchukia kwa sura ya kabila letu, akapiga ukelele wa mwizi na kuwaita watu. Nilikuambia nilirudi nikakuta watu arobaini wakimwua shemeji yangu, nikawavamia kwa mikono mitupu, nikawatawanya kama kuku, nikambeba Kizito mgongoni hadi hospitali. Ukalia, ukaniita ngao ya ukoo. Ndugu za Kizito wakasikia, ndiyo maana wana lori.

Dada, sikuwa mjini. Nilikuwa ndani, mbele ya kompyuta, nimevaa tai.

Kizito alifika saa nne na nusu. Lango lilikuwa wazi. Alivaa koti lake la kijivu na kofia, na mkononi alikuwa na jogoo mwekundu wa kuniletea. Akapiga hatua mbili, akamwona mama mkwe wake pale barazani. Wewe unamjua mumeo. Siku hizi kuna wakwe wanaowapa mama wakwe zao mkono kama wanasiasa, lakini Kizito ameishika mila tangu siku alipokuoa, hajawahi kutazamana na Mama uso kwa uso. Akafanya alivyofundishwa na baba yake. Akavuta kofia machoni, akainua kola ya koti kuficha uso, akainama, akaambaa na ua kwenda upande wa jikoni. Heshima tupu. Lakini kwa jicho la plastiki, na kwa mtu aliye barabarani, mwanamume anayeinama kwenye boma la wenyewe, amejificha uso, kuku mkononi, ni kitu kimoja tu.

Mimi niliyekulia mila hiyo hiyo, niliyemweka Mama pale kwa mikono yangu, sikuwaza hilo hata kidogo. Kwenye safu zangu mbili sikuwa na mahali pa mkwe.

Nduru ikalia.

Walifika kabla haijarudia mara ya tatu. Kemboi alikuwa wa kwanza kuingia langoni, kwa sababu kinu chake kiko ng'ambo ya njia tu. Lakini rungu la kwanza halikuwa lake. Lilikuwa la mtu ambaye hata simjui, likamshukia Kizito mgongoni, jogoo akaruka juu ya ua. Wakaja wa majembe. Wakamwangusha, wakampiga kwa mipini, kwa mateke, kwa mawe. Mmoja akachukua lile jiwe la kuzuia lango, akaupondaponda mkono wake wa kulia. Na kila walipotaka kupumua, nduru inaanza upya. Mtu akipiga nduru huchoka, hunyamaza, na watu hupata nafasi ya kuulizana kuna nini. Hii haikuchoka. Iliwachochea kama mtu anayesukuma kuni.

Nilikimbilia neno la siri. Nilikuwa nimechagua neno refu la kujisifu, herufi ishirini na tatu. Nikakosea herufi, mashine ikakataa mara tatu. Nikang'oa waya ukutani. Haikuzima, kwa sababu Nehemiah alikuwa ametuma na betri ya akiba, na mimi mwenyewe ndiye niliyeiunganisha kwa maringo. Ningeweza kuibeba kompyuta niibamize sakafuni. Niliinyanyua, naapa niliinyanyua, halafu nikakumbuka wiki zangu tatu, nikairudisha mezani.

Nikaenda kwenye mlango wa jikoni, nikashika komeo. Nikamsikia Kizito akisema yeye ni mkwe wa hapa, wamuulize Absalom. Na wao waliuliza, dada. Usifikiri hawakuuliza. Kemboi ndiye aliyeita, kwa sauti ile yake ya kushindana na kinu: "Absalom! Absalom uko wapi, unamjua huyu?" Nilikuwa hatua mbili kutoka kwao, ubao mmoja katikati. Nikijitokeza, wataniuliza nduru ni ya nani, na sheria ya nduru ya bure naijua. Sikufungua. Sikukohoa. Mmoja wao akasema, mnaona, mwongo huyu, hata hajulikani. Hapo ndipo walipomvunja taya. Sauti yake ni kama mtu anayevunja muwa kwenye goti, na siongezi chumvi. Mwingine akaagiza mafuta ya taa.

Aliyemwokoa ni Phelista. Alikuwa bombani anachota maji, akasikia nduru yake mwenyewe inalia nyumbani kwake. Akatupa mtungi, akaja mbio, akapenya katikati ya marungu, likampata moja kwenye mbavu, hakujali. Akasimama juu ya Kizito, mguu huku na mguu huku. Akawaambia hiyo ni sauti yake. Akawaambia wamtazame vizuri, anayelia huko ndani ni yeye, na yeye yuko hapa, hakuna mtu amemgusa, sasa wanamuua huyu kwa ajili ya nani? Wakamtazama. Mdomo wake ameufunga, na nduru bado inalia. Mmoja akaangusha panga, akasema huo ni uchawi, akatimua mbio. Wengine wakamfuata, wakikanyagana langoni. Hao ndio arobaini niliokuambia niliwatawanya.

Aliyebaki ni Kemboi. Alivua shati lake akafunga kichwa cha Kizito, akamweka kwenye pikapu yake ya magunia, Phelista nyuma amempakata, akaendesha akipiga honi mpaka hospitali. Njiani alimwambia Phelista akilia kwamba naye alimpiga Kizito rungu moja la mguu kabla ya kumuuliza jina. Hakuna aliyemwona. Amejisema mwenyewe.

Na mimi? Niliandika neno la siri mpaka likakubali, nduru ikakatika, nikatokea dirisha la chumba cha kulala, nikazunguka ua, nikaingia kwa lango nikihema. Nikamzaba kofi mzee mmoja aliyekuja kuona, hana habari hata kidogo, nikauliza kwa sauti kubwa ni nani amemgusa shemeji yangu. Mama barazani, ambaye kwa bandeji ile haoni mbali, akaniuliza ni nani aliyekuwa akipigwa. Nikamwambia ni mwizi. Akamshukuru Mungu, akaendelea na maharagwe yake.

Uliponipigia jioni ile ukauliza ni nani aliyewaita watu, ulimi ukatafuta jina, ukaokota la Kemboi. Mwaka huu jina la kabila lake likitajwa kwa ubaya linaaminiwa haraka kwetu, kama vile langu linavyoaminiwa haraka kwao. Nilijua hivyo nilipokuwa nikilitamka.

Phelista ameenda kwa dada yake Kapsokwony. Alinipa siku tatu niseme ukweli, sikusema, akafunga nguo zake. Kompyuta nimeizima, na Nehemiah nimemwambia atafute mlinzi mwingine. Leo asubuhi nimemwambia Mama aliyekuwa akipigwa ni nani. Aliniuliza neno moja tu, kama nilifungua mlango. Nikasema hapana. Akaisukuma kando chai niliyompa, imepoa mezani.

Basi nakusihi, dada uliyenibeba mgongoni. Barua hii ikimalizika kusomwa, waite ndugu za Kizito wote, wa lori na wasio wa lori, isomwe tena. Kemboi asiguswe, wala kinu chake. Wakitaka mtu, wasipoteze mafuta kuja Kitale, kwa sababu nakuja mwenyewe. Alhamisi saa nne nitakuwa mlangoni kwenu. Sitakuja na mzee wa kuniombea, wala na fimbo. Usiwazuie.

Nisalimie watoto mmoja mmoja kwa majina yao, na wazee wa hapo, na majirani watakaokubali kuzipokea salamu zangu baada ya haya. Wasiozitaka waziache tu njiani.

Na wewe Nanyama, usiikunje karatasi hii. Mpelekee baba yako kitandani aishike, maana jicho moja linaona na alisoma kuliko mimi. Najua taya halimruhusu kunijibu. Lakini nimeambiwa mkono wake wa kushoto ni mzima. Mwambie Alhamisi nitaketi upande huo, karibu.

Ni mimi ndugu yako,
Absalom